Kivuli cha Lwanda: Suala la Miliki na Deni katika Jukwaa la Nairobi

Masimulizi ya Waluo yanamtaja Lwanda Magere kuwa shujaa wa nchi ya Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya maadui ilimgonga ikapinda. Maadui hao, ambao katika matoleo mengi ni Wanandi, waliposhindwa vitani walimpelekea binti yao awe mke wake. Siku shujaa alipougua, bibi huyo aliambiwa amchanje chale kivulini, si mwilini, na kivuli kikatoka damu. Siri ikawafikia maadui, mkuki ukachomwa kivulini, na Lwanda akaanguka akawa jiwe kwa mara ya mwisho. Okoiti Omtatah aliitungia hadithi hii tamthilia iliyochapishwa mwaka 1991, na wasomaji wengi wameichukulia kuwa hadithi ya mwanamke msaliti. Usomaji huo ni mwepesi mno. Jambo zito zaidi ni kwamba nguvu za shujaa zilikuwa katika kitu kilicho chake lakini kisichomilikika: kivuli ni cha mwenyewe, ila huanguka juu ya ardhi ya watu wengine.

Katika muongo wa kwanza wa karne hii Lwanda alirudi jukwaani akiwa mtangazaji wa redio. Shujaa wa Mo Faya, tamthilia ya muziki ya Eric Wainaina ambayo awali iliitwa Lwanda, Man of Stone, ni DJ Lwanda wa mtaa wa mabanda uitwao Kwa Maji. Nguvu yake haimo tena mwilini, imo katika sauti inayowafikia wakazi kila siku na ambayo wakazi wenyewe huiona kuwa yao. Adui yake ni Anna Mali, mfanyabiashara anayeutamani mtaa huo. Jina lake la pili halihitaji mhakiki wa kulifafanua. Lakini mtunzi aliyemuumba Anna Mali naye ni mfanyabiashara: ana kampuni, huandaa maonyesho, huuza tiketi, hutafuta wafadhili. Tamthilia inayomshitaki anayeununua mtaa wa mabanda inauzwa, na kinachouzwa ndani yake ni huo huo mtaa wa mabanda. Ni kwa haki gani?

Swali hili halikusudii kumhukumu mtu. Wainaina amechaguliwa hapa kwa sababu maisha yake ya kazi yanalionyesha swali kwa uwazi kuliko ya wengi. Alizaliwa mwaka 1973, akasoma St. Mary's jijini Nairobi, akaimba na kundi la Five Alive katika miaka ya tisini, kisha akaenda chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston. Wimbo wake wa uzalendo ukawa faraja ya taifa zima baada ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Albamu ya Sawa Sawa ya mwaka 2001 ilikuwa na Nchi ya Kitu Kidogo, wimbo uliowakera wakuu wa serikali ya KANU kwa namna ulivyoitaja rushwa bila kuuma maneno. Twende Twende ilifuata mwaka 2006, na Love and Protest mwaka 2011. Kati ya albamu hizo akaingia katika tamthilia, na Mo Faya ikafika hadi tamasha la tamthilia za muziki la New York mwaka 2009. Kampuni ya Rainmaker, anayoiendesha pamoja na mkewe Sheba Hirst, ndiyo iliyobeba kazi hizi. Vilevile alihusika katika muziki wa Tinga Tinga Tales, filamu za vibonzo kwa ajili ya watoto zilizochorwa katika studio za Homeboyz jijini Nairobi na kuonyeshwa Uingereza kuanzia mwaka 2010. Hadithi hizo nazo zikawa tamthilia ya muziki iliyofika New York mwaka 2018. Muziki, filamu na jukwaa vimekutana katika mikono ile ile, na mikono hiyo ndiyo inayoshika kalamu na daftari la mapato.

Kuna jibu la kale linalopendwa na wahakiki wengi, nalo ni kwamba pesa huinajisi sanaa. Msanii wa kweli, kwa mtazamo huu, hana duka. Jibu hili lina historia mbaya. Shakespeare alikuwa mwanahisa wa jumba la Globe tangu mwaka 1599, na miaka miwili kabla ya hapo alikwisha kununua nyumba kubwa Stratford. Hakuna anayeisoma Hamlet akanusa harufu ya sarafu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa kampuni iliyojua fika kwamba sahani za santuri za Kiswahili zingenunuliwa pwani nzima. Bila biashara hiyo sauti yake isingevuka Unguja, wala vizazi vya baadaye visingeisikia. Anayedai kwamba sanaa na soko havipatani anapaswa kwanza kueleza jinsi alivyopata kuzijua kazi anazozitetea.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande huo haitoki katika nadharia bali Limuru. Kamĩrĩthũ, mwaka 1977, ilikuwa na jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe, lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, lakini wakulima na wafanyakazi walioigiza waliisahihisha mazoezini: hapa lugha ya mzee si hii, pale mfanyakazi wa kiwandani hasemi hivyo. Tamthilia ikawa ya kijiji kwa maana halisi ya neno. Ilionyeshwa kuanzia Oktoba, na Novemba serikali ikaondoa kibali. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini. Machi 1982, baada ya kundi hilo hilo kuzuiwa lisionyeshe Maitu Njugira katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, askari walifika Kamĩrĩthũ wakalibomoa jukwaa.

Tukio hilo huelezwa kama ushahidi wa jinsi sanaa ya umma inavyoogopwa na dola, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo lina upande mwingine usiozungumziwa sana. Serikali ilipotaka kuinyamazisha Kamĩrĩthũ haikulazimika kuinunua wala kushindana nayo sokoni. Ilitosha kufuta karatasi moja na kutuma askari. Kazi iliyokuwa ya wote haikuwa na mlinzi mmoja ambaye sheria ya siku zile ingemtambua. Tena, maandishi yalipochapishwa mwaka 1980, jalada lilibeba majina mawili. Haikuwezekana vinginevyo, na Ngũgĩ mwenyewe hakuacha kamwe kusimulia mchango wa wanakijiji, mpaka alipofariki Mei 2025. Lakini ikiwa hata Kamĩrĩthũ, mahali ambapo nia njema haina shaka, kazi ya mamia iliishia katika majina mawili, basi tatizo halianzi pale mfanyabiashara anapoingia mlangoni. Lilikuwemo ndani tangu awali.

Jibu la pili ni la soko lenyewe: aliyelipa amelipa. Mkataba ukitiwa saini, deni limekwisha. Kwa Nairobi, jibu hili lina jina lake, nalo ni Malaika. Fadhili William alilirekodi pamoja na Jambo Boys katika Equator Sound, kampuni ya Charles Worrod, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Miriam Makeba akalibeba ulimwenguni. Boney M wakaliimba mwaka 1981. Angélique Kidjo akalirudia muongo uliofuata. Wakati huo wote Adam Salim na watu wengine walidai kwamba wimbo ulikuwa wao kabla ya kuingia studio. Ubishi huu haujamalizika kwa namna inayowaridhisha wote, na Fadhili William alifariki mwaka 2001 akiwa mtu ambaye wimbo wake ulikuwa tajiri kuliko yeye. Katika mlolongo huo haikosekani mikataba. Kinachokosekana ni uhakika kwamba aliyetia saini ndiye aliyekuwa na haki ya kutoa. Soko hulipa pale jina lilipoandikwa, na huacha suala la nani aliyestahili kuandikwa liwe kazi ya wanahistoria.

Kizazi cha Wainaina kilikua kikiisikia hadithi hiyo, na uamuzi wa mwanamuziki kuwa na kampuni yake mwenyewe unapaswa kueleweka kama jibu kwayo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo; chama cha kukusanya mrabaha wa wanamuziki kilikuwapo tangu 1983; sheria mpya ilipitishwa mwaka 2001 na kuunda bodi ya kuisimamia. Pamoja na hayo yote kanda zilinakiliwa na kuuzwa River Road kama njugu. Msanii aliyetaka kula jasho lake alipaswa kuwa mtunzi, mtayarishaji, mwajiri na mlinzi wa ghala kwa pamoja. Neno mjasiriamali, ambalo limezoeleka sana siku hizi, linafaa hapa kuliko linavyofaa katika hotuba za benki, kwa maana lina ujasiri ndani yake. Kwa upande wa juu, yaani kwa kampuni, studio na wakala wa ng'ambo, msanii anayejimiliki amekwisha kujikomboa. Hakuna Worrod juu yake.

Upande wa chini haujaguswa. Jina lenyewe la tamthilia ni mfano. Mo faya ni msemo wa vijana wa mjini, wa kushangilia na kuchochea, uliokwisha kupita vinywa vingi kabla haujafika jukwaani. Nani aliutunga? Sheng haina mtunzi anayeweza kwenda kudai mrabaha. Lahaja hiyo huzaliwa kituo cha matatu, hubadilika kabla haijaandikwa, na aliyeizalisha neno leo kesho halikumbuki. Inavutia kwamba Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni za jamii. Kwa mantiki ya sheria hiyo, hadithi ya Lwanda Magere, iliyopokezwa kizazi hadi kizazi, inaweza kusemwa kuwa ina wenyewe. Maneno yanayosemwa na DJ Lwanda hayana, kwa kuwa msemo uliozuka juzi si urithi wa mababu. Kwa hiyo tamthilia moja imejengwa juu ya vitu viwili vilivyochukuliwa kwa watu: kimoja kina ulinzi kwa sababu ni cha kale, kingine kiko wazi kwa sababu waliokiunda wangali hai, wangali vijana, na wangali maskini. Ni vigumu kupata kinyume kikali zaidi cha haki.

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Wahakiki wa Kiswahili wameizoea methali hii kama sifa ya uzalendo, lakini kwa mada hii inazaa swali: Mo Faya inacheza kwao wapi? Kwa Maji ni mtaa wa kubuni, ila kila mkazi wa Nairobi anaujua. Mfano wa karibu uko Loresho. Hapo kuna nyumba zenye bustani, kuta na walinzi. Na hapo hapo, kwa umbali wa kutembea kwa miguu, kuna mabanda ya Kibagare, na Kangemi imepakana na yote mawili kando ya Waiyaki Way. Mwenye uwezo wa kununua tiketi ya tamthilia ya muziki ni wa Loresho. Mwenye hadithi ni wa Kibagare. Wote wawili huamka asubuhi wakaelekea mjini kwa barabara moja, mmoja garini mwake, mwingine katika matatu au kwa miguu. Jioni, yule wa kwanza huketi ukumbini akamwona wa pili akicheza, akiimba, akishinda hila za Anna Mali. Hushangilia kwa dhati. Kisha hurudi nyumbani kwa kupitia mbele ya Kibagare yenyewe, taa za gari zikimulika ukuta.

Ni rahisi kumbeza mtazamaji huyu, na baadhi ya uhakiki wa kitabaka ulifanya hivyo bila huruma. Lakini kubeza hakusaidii. Mtazamaji wa Loresho hakudanganywa na jukwaa. Pengine ndipo mahali pekee alipowahi kumsikia jirani yake kwa saa mbili mfululizo bila kumpa amri. Suala ni kwamba tunzo iliyotolewa ukumbini imetolewa na mtu wa Loresho, imepokewa na kampuni, na haina njia ya kufika kwa yule aliye kwao. Katika ngoma ya kijijini, anayetunza na anayetunzwa wanajuana, na shilingi inapobandikwa kwenye paji la uso la mchezaji kila mtu anaona. Jukwaa la mjini limekata uzi huo. Ndiyo maana Mo Faya ilipovuka bahari hadi New York haikubadilika kimaadili. Ilizidi tu kuwa mbali na mahali ambapo ilikuwa tayari mbali.

Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1785, alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu. Uzito wa fundisho uko katika neno la mwisho. Kila mtu huwatumia wengine: abiria humtumia dereva, mwanafunzi humtumia mwalimu. Kosa huanza pale mtu anapobaki chombo na si zaidi. Falsafa ya utu, ambayo haikumsubiri Kant, inalisema jambo hilo kwa namna nyingine, kwamba mtu huambiwa hali, huulizwa, hupewa nafasi ya kukataa. Sasa, mkazi wa mtaa wa mabanda anayegeuzwa kuwa mhusika hawezi kuulizwa, kwa kuwa hakuchukuliwa mmoja. Wamechukuliwa laki moja wakafanywa mmoja. Ridhaa ya umati haipatikani. Mtunzi akisubiri ridhaa hiyo hataandika kamwe, na fasihi itabaki na tawasifu peke yake, yaani watu wa Loresho wakiandika juu ya Loresho. Hiyo nayo si haki. Ni kuwafuta walio wengi kwa kisingizio cha kuwaheshimu.

Basi ruhusa ipo, lakini ni ruhusa ya mkopo. Hapa ndipo tofauti ya miliki na deni inapohitajika. Miliki hukoma mahali mkataba unapokoma. Deni la aina hii halina mkataba, na kwa hiyo haliwezi kulipwa likaisha. Linaweza tu kukubaliwa au kukanwa. Anna Mali ni mwovu kwa sababu anaamini kwamba mtaa ni kitu kinachoweza kununuliwa kikawa chake chote, pamoja na sauti ya Lwanda. Mtunzi aliyemwumba anajitenga naye kwa kadiri anavyokubali kwamba hakununua chochote. Tofauti hiyo ni nyembamba, na haionekani katika hesabu za kampuni.

Itaonekana wapi? Mfano mmoja wa Nairobi hauko katika tamthilia. Tabu Osusa, aliyewahi kuisimamia Virunga ya Samba Mapangala na baadaye akaanzisha Ketebul Music katika kituo cha GoDown, amefanya kazi ya kuwatafuta wanamuziki wazee wa benga, wa nyimbo za Gĩkũyũ, wa densi za miaka ya sabini, akawarekodi wakisimulia, akatoa filamu na vitabu ambamo kila mpiga gitaa ana jina na sura. Naye ni mtayarishaji, naye huuza. Lakini bidhaa yake yenyewe ni kumbukumbu ya deni. Pingamizi ni dhahiri: jina halishibishi, na mzee aliyetajwa vizuri katika filamu bado anadaiwa kodi ya nyumba. Pingamizi hilo ni la kweli. Hata hivyo asiyetajwa hudaiwa kodi hiyo hiyo, na zaidi ya hapo hawezi hata kudai.

Njia nyingine ni ile waliyoichukua Wainaina na Hirst kwa kuanzisha mpango wa kuwalea watunzi wapya wa tamthilia za muziki, Nairobi Musical Theatre Initiative. Hapa deni hulipwa mbele badala ya nyuma: asiyeweza kuulizwa jana anaweza kupewa kalamu kesho. Wazo hilo ni zuri kuliko hisani, kwa maana hisani humwacha mpokeaji mahali pale pale. Kipimo chake kitakuwa kimoja na si kigumu kukielewa, yaani ni wangapi kati ya watakaokaa mezani watakuwa wametoka upande wa Kibagare, na wangapi wa upande wa Loresho. Tamthilia ya muziki inahitaji piano, muda wa mazoezi, nauli ya usiku. Mwenye vitu hivyo huingia hata mlango ukiwa mwembamba. Ikiwa mlango hautapanuliwa kwa makusudi, mpango wa kulipa deni unaweza kugeuka kuwa shule ya kukopa kwa ustadi zaidi.

Wasiwasi huo unarudi kwa nguvu zaidi katika kazi nyingine iliyotajwa awali. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake na ndugu zake waliendelea, mtindo ukachukua jina lake, na mtindo huo ndio ulioyapa vibonzo vya mwaka 2010 wanyama wao wenye madoadoa na rangi kali. Watoto wa Nairobi, London na New York walilijifunza jina hilo kwa wimbo, wakalipenda. Wengi wao wamekuwa watu wazima sasa, na wakiulizwa Tinga Tinga ni nini, watajibu bila kusita kwamba ni mahali wanakoishi wanyama.